Kauntabuku ya mawe kule Sanchi

Mama yangu ni mweka hazina wa kudumu. Hakuna aliyempigia kura, ila ukitokea msiba, harusi, au madrasa ikitaka paa jipya, watu wa mtaa wetu pale Tanga wanajua pesa inapelekwa kwa nani. Anaandika kwenye kauntabuku ya jalada gumu jekundu, mgongo umeshikizwa kwa selotepu, kalamu ya bluu imefungwa kwa uzi ili wajukuu wasitembee nayo. Jina, kitu, kiasi. "Mama Asha, saruji mifuko 2. Mzee Kombo, nondo 4. Mjane wa fundi Saidi, sh. 500." Nilipokuwa mdogo nilikuwa namsomea mistari hiyo naye anajumlisha. Siku moja nilimuuliza kwa nini mia tano imepewa mstari mzima sawasawa na elfu hamsini. Alinitazama kama nimemtukania wazazi wake.

Sikutegemea kuikuta kauntabuku hiyo India, juu ya kilima, imechongwa kwenye mawe.

Wakati huo nilikuwa nasoma Bhopal. Jumapili moja mwenzangu wa chumba, kijana wa hukohuko, aliniambia nisirudi nyumbani kabla sijafika Sanchi. "Picha yake unayo mfukoni," akasema, na kweli ninayo: stupa ya Sanchi, jengo la kale la Wabudha, ipo nyuma ya noti ya rupia 200. Tukapanda treni ya kwenda upande wa Vidisha, mwendo wa kilomita 46 hivi, tukashuka stesheni ndogo. Mashamba ya ngano, nyati wa kufugwa wamejilaza kwenye dimbwi, muuza chai na jiko lake la mkaa. Kijiji. Na juu ya kijiji, kilima ambacho hata mita 100 hakifiki.

Ubudha nilikuwa naujua kwa kiasi cha mtu aliyepita mara kadhaa nje ya hekalu la Wabudha la Dar es Salaam, lile ambalo Wasinhala kutoka Sri Lanka walilianzisha enzi za ukoloni. Kwa hiyo nilipofika juu ya kilima kosa langu la kwanza lilikuwa kutafuta mlango. Stupa haina mlango. Si nyumba, huingii. Ni kichuguu kikubwa cha duara, matofali ndani na mawe nje, kimejengwa kufunika kitu kitakatifu, kwa kawaida mabaki ya mwili wa Budha au wa wanafunzi wake. Ile kubwa ya Sanchi ina kipenyo cha mita 36 na ushei, na kimo cha mita 16 hivi. Ibada yake ni kuizunguka. Mimi niliyekulia kwenye picha za tawafu nilianza kwenda upande ninaoujua, Kaaba ikiwa kushotoni. Mzee mmoja mwenye kilemba akanishika bega taratibu akanigeuza. Pale stupa inakaa kuliani kwako.

Cha ajabu ni kwamba Budha mwenyewe hana historia na mahali hapa. Hakuzaliwa Sanchi, hakuhubiri Sanchi, hakufia Sanchi. Aliyepaleta kwenye ramani ni mfalme Ashoka, karne ya 3 kabla ya Kristo, na masimulizi ya Sri Lanka yanasema sababu ilikuwa mwanamke: Ashoka alipokuwa bado mwana wa mfalme, akiwa njiani kwenda kutawala Ujjain, alipita Vidisha akaoa binti wa mfanyabiashara, Devi. Mtoto wao Mahinda ndiye, kwa masimulizi hayohayo, aliyeupeleka Ubudha Sri Lanka, na kabla ya safari alikwenda kumuaga mama yake kwenye nyumba ya watawa aliyoijenga huku. Vidisha iko kilomita 10 tu kutoka kilimani. Mji wa matajiri chini, watawa juu, umbali wa kutosha kupata utulivu na wa kutosha kushuka asubuhi na bakuli kuomba chakula. Nadhani jiografia hiyo inaeleza mengi kuliko mapenzi.

Ashoka alijenga stupa ya matofali, nusu ya hii ya leo, na kando yake akasimamisha nguzo ya jiwe lililong'arishwa likawa kama kioo. Juu yake simba wanne, ubavuni amri: mtawa wa kiume au wa kike atakayeleta mgawanyiko kwenye jumuiya avalishwe nguo nyeupe akakae kwingine. Nguo nyeupe zilikuwa za watu wa kawaida. Yaani kuvuliwa utawa. Inaonekana hata wakati ule kamati zilikuwa zinagombana.

Nguzo leo imevunjika. Kisiki chake kipo palepale, vipande vimelazwa jirani, simba wako kwenye makumbusho chini ya kilima. Kwa mujibu wa John Marshall, mwanaakiolojia aliyekuja kuifufua Sanchi, aliyeivunja alikuwa mwenye ardhi wa pale kijijini, naye alitaka mawe ya kukamulia miwa. Mwenzangu alisikitika sana kunieleza. Mimi, Mungu anisamehe, nilicheka. Jiwe la mfalme wa wafalme, limekuja kutoa juisi ya miwa.

Sasa nifike kwenye majina.

Karne moja hivi baada ya Ashoka, stupa ya matofali ilivikwa mawe na kuongezwa ukubwa mara mbili. Ikazungushiwa njia ya kutembelea, na nje ya njia uzio wa mawe mazito mno. Uzio huo umejengwa na watu waliozoea mbao: kila jiwe la kulala lina ncha zinazoingia kwenye matundu ya nguzo, kama seremala anavyounga kitanda. Karibu kila kipande kina mstari mmoja wa maandishi, herufi ndogo, rahisi, kama vijiti na vitanzi. Ukipita haraka utadhani mikwaruzo. Mlinzi wa zamu alituona tumeinama, akaja, akaweka kidole chini ya mstari mmoja, akausogeza mpaka mwisho na kusema neno moja: "Danam."

Zawadi. Mstari wote ni huo: zawadi ya fulani. Zawadi ya fulani kutoka Ujjain. Zawadi ya mtawa fulani, mwanafunzi wa fulani. Yapo zaidi ya 600 kilimani pale. Wapo wenye mali, waandishi, wafumaji, wauza nguo, mafundi. Watawa wa kike wanakaribia kulingana na wa kiume, jambo lililonishangaza kwa sababu mtawa kwa kanuni hana mali. Bila shaka nao walikwenda kwa ndugu zao kukusanya. Wapo wanawake wanaojitambulisha kwa jina la mtoto, mama wa fulani, sawasawa na Mama Asha. Wapo watu wa mji mmoja waliotoa kwa pamoja, na kijiji kizima kilichotoa kama kijiji. Huyu alilipia nguzo, yule jiwe la kulala, mwingine bamba la sakafu la kukanyagia. Kwetu fundi anasema msingi unataka mifuko 80, imamu anatangaza, mmoja anasema mimi mitano, mwingine anasema mimi mmoja. Sanchi ni hivyohivyo, ila kila mfuko una jina.

Niliuliza kama mfalme wa wakati ule naye yupo kwenye orodha. Uzio ule mkubwa, kadiri maandishi yake yanavyoonyesha, ulijengwa na hao wa mfuko mmojammoja.

Na mistari hiyo midogo ndiyo iliyoipa India nzima sauti yake ya kale. Mpaka miaka ya 1830 hakukuwa na mtu duniani aliyeweza kuyasoma maandishi ya Ashoka. Nguzo zilikuwa zinaonekana, miamba iliyoandikwa ilikuwa inajulikana, lakini herufi zilishamkimbia kila mtu. James Prinsep, Mwingereza aliyekuwa akipima madini kwenye karakana ya sarafu ya Calcutta, alikuwa akihangaika nazo kwa miaka. Mwaka 1837 aliletewa nakala za maandishi ya Sanchi zilizochukuliwa na Kapteni Edward Smith. Alipokuwa akizipanga akaona kitu: karibu zote ni fupi, na karibu zote zinaishia na herufi mbili zilezile, ya mwisho ikiwa na nukta. Akajiuliza, ni kitu gani kinachoandikwa hekaluni kwa ufupi, tena na tena, na watu tofauti? Alikuwa ameshaona mahekalu ya kutosha. Akabahatisha: "danam". Hapo akawa na herufi za d na n, na ile nukta. Herufi iliyotangulia neno hilo, nayo ikijirudia, ilikuwa "sa", kiungo cha umiliki, ile "ya" yetu katika "zawadi ya". Baada ya muda mfupi alfabeti yote ikafunguka, na amri za Ashoka, kutoka Delhi mpaka pwani ya Orissa, zikaanza kusomeka. Kutoka Sri Lanka, George Turnour akasaidia kuonyesha kwamba yule "Piyadasi" anayezungumza kwenye miamba ni Ashoka wa kwenye vitabu vya historia vya watawa wa huko. Prinsep alifariki 1840, miaka 40 tu.

Ninapenda kuurudia mfuatano huo. Amri za mfalme zilikaa kimya karne nyingi, na kilichozifungua ni risiti za wafumaji.

Malango manne yalikuja baadaye, karne ya 1 kabla ya Kristo, na hayo ndiyo yaliyo kwenye kadi za posta. Kila lango nguzo mbili, mihimili mitatu imelala juu, na hakuna nafasi ya kuweka sarafu ambayo haikuchongwa: tembo, tausi, msichana ameninginia kwenye tawi la mwembe, umati unatoka kwenye lango la mji. Kwenye lango la kusini kuna maandishi yanayosema kazi ya uchongaji ilifanywa na wachonga pembe za ndovu wa Vidisha. Ukishajua hilo huwezi tena kuyaona mawe kama mawe. Ni mikono iliyozoea pembe, yenye kazi ndogondogo za kutazamwa karibu na pua, imepewa ghafla jiwe la kimo cha nyumba, nayo haikubadilisha tabia. Sisi watu wa pwani tunaijua pembe kwa upande wa kuibeba na kuipakia jahazini. Huku niliona upande wa pili.

Nilikaa muda mrefu mbele ya lango la mashariki. Mhimili wa katikati unasimulia usiku ambao Budha, bado akiwa mwana wa mfalme, aliliacha jumba la baba yake. Farasi anatoka mjini. Juu yake hakuna mtu. Kuna mwamvuli tu, umeshikiliwa juu ya tandiko tupu. Farasi anachongwa tena mbele kidogo, na tena, na tena, kila mara mwamvuli ukifunika hewa. Mwisho kulia zipo nyayo mbili kubwa, mtumishi amezipigia magoti, na chini yake farasi anarudi nyumbani, safari hii bila mwamvuli. Mafundi wa malango haya hawakumchonga Budha kama mtu: wanaweka kiti kitupu, mti, nyayo. Sanamu zake za umbo la binadamu, zile nne zilizokaa kwenye maingilio, ni za karne ya 5 Baada ya Kristo. Mimi nimekulia kwenye dini isiyochora, na yule farasi asiye na mpandaji nilimwelewa kabla hajafasiriwa.

Kwenye nguzo za malango majina yanaendelea, safari hii ya watu wazito kidogo. Nagapiya wa Kurara, mwenye mali. Balamitra, mwanafunzi wa mwalimu anayeitwa Aya-Chuda, na hapo nilijikaza nisicheke kwa sauti maana Chuda ni mtaa wa kwetu Tanga. Tena kuna laana: atakayeng'oa jiwe lolote hapa, au akasababisha ling'olewe kupelekwa kwingine, na awe na dhambi ya wale watenda makosa makubwa kupita yote. Mama naye ana sentensi ya namna hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa kauntabuku yake. Imeandikwa kwa kalamu nyekundu, na inataja Siku ya Kiama.

Laana haikumzuia mtu. Watawa waliondoka kilimani kama karne ya 12 au 13, msitu ukapanda, wachungaji wakabaki. Mwaka 1818 Jenerali Taylor wa jeshi la Waingereza alipafikia, na akakuta sehemu kubwa bado imesimama, malango matatu kati ya manne. Sasa tazama jambo. Miaka mia kadhaa ya kusahauliwa haikuiua stupa. Miaka minne ya kujulikana ilitosha. Mwaka 1822 Kapteni Johnson aliipasua stupa kubwa kutoka juu mpaka chini akitafuta hazina. Hakupata kitu. Upande mmoja ukaporomoka, lango la magharibi na kipande cha uzio vikaanguka pamoja nao.

Mwaka 1851 wakaja Alexander Cunningham na Luteni Maisey. Hawa angalau walikuwa wanatafuta historia, ingawa kwa sururu. Stupa kubwa, patupu. Lakini kwenye stupa ya tatu, ile ndogo iliyo jirani, walikuta maboksi mawili ya mawe, na juu ya vifuniko majina mawili: la Sariputta na la Moggallana, wanafunzi wawili wakuu wa Budha. Ndani ya boksi la Sariputta kijaluba cha jiwe laini jeupe, na kando yake vipande viwili vya msandali, ambavyo Cunningham alidhani vilitoka kwenye kuni zilizochomea mwili wake. Ndani ya kijaluba, kipande cha mfupa kisichozidi inchi moja, na shanga saba. Chini ya kifuniko, herufi moja ya wino: "sa". Kwenye cha mwenzake, "ma". Mtu fulani, zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, aliogopa vijaluba visije vikachanganywa, akachovya kalamu.

Mifupa hiyo ilivushwa bahari ikaenda kukaa London kwenye makumbusho. Wabudha waliidai kwa miaka mingi. Ilirudi 1947 kupitia Colombo, na 1952 ikawekwa kwenye hekalu jipya lililojengwa kilimani palepale, kazi iliyosimamiwa na jumuiya ya Maha Bodhi, ambayo mwanzilishi wake alikuwa Msinhala. Mwishoni mwa Novemba kila mwaka inatolewa watu waione. Sikubahatika na tarehe.

Lakini katikati ya hadithi hii wapo watu ambao sikuambiwa habari zao mpaka niliposimama kwenye kibao cha makumbusho. Sanchi ilikuwa ndani ya dola ya Bhopal, na Bhopal kwa miaka zaidi ya mia ilitawaliwa na wanawake, mabegumu, Waislamu. Wafaransa walipotaka lango la mashariki lipelekwe kwao, enzi za mabegumu hao, lilibaki kilimani. Wazungu wakachukua nakala za plasta badala yake, na Luteni Cole akaja kuzitengeneza mwaka 1869. Kazi kubwa ya Marshall, kati ya 1912 na 1919, kufyeka msitu, kusimamisha vilivyoanguka, kujenga makumbusho, ilitegemea hazina ya Sultan Jahan Begum. Mwanamke aliyekuwa akienda mbele za watu akiwa na buibui alilipa fedha zake kusimamisha mawe ya watawa wa dini nyingine. Sina la kuongeza hapo, ila nilisoma kile kibao mara mbili.

Ukarabati haukukosa vituko. Miaka ya 1880, kabla ya Marshall, walipoinua lango la kusini baadhi ya mihimili waliirudisha kinyume, uso ukitazama ndani. Iko hivyo mpaka leo.

Tulikuwa tunaelekea kushuka mlinzi alipotuita tena. Alikuwa amefurahi kupata watu wanaouliza. Kwenye uzio, upande wa mashariki, akatuonyesha maandishi marefu kuliko yale ya kwanza, ya herufi za karne nyingine, mwaka 450 hivi Baada ya Kristo. Mwenye zawadi ni mwanamke, Harisvamini, muumini wa kawaida. Ametoa dinari 12 ziwe mtaji wa kudumu, na kwa faida yake mtawa mmoja alishwe kila siku. Dinari 3 nyingine kwa ajili ya taa tatu kuwashwa kila siku kwenye nyumba ya vito. Na dinari 1 kwa taa mbele ya Mabudha wanne waliokaa. Mtaji hauguswi, kinacholiwa ni zao lake. Wakfu, nikasema peke yangu. Masheikh watanibishia kwenye neno faida, na watakuwa sawa, lakini hesabu ya bibi yule ningeitambua popote pale.

Niliporudi Tanga likizo nilimuonyesha mama picha kwenye simu. Alivaa miwani, akaikuza kwa vidole viwili, akaangalia mistari ya uzio mmoja baada ya mwingine huku nikimtafsiria: zawadi ya mfumaji, zawadi ya mtawa, zawadi ya mama wa fulani.

"Huyu alitoa shilingi ngapi?" akauliza.

Nikamwambia hawakuandika kiasi, jina tu.

"Na huyu?"

Naye hivyohivyo.

Nikamuonyesha la Harisvamini. Dinari 12, dinari 3, dinari 1, na matumizi ya kila fungu. Akalitazama muda mrefu, akarudisha simu, akachukua kauntabuku yake mezani.

"Huyo mwanamke angefaa hapa," akasema. "Wale wengine mweka hazina wao alikuwa mzembe."